Bei Inayoombewa

Muuza maharagwe wa soko la Burungu hupima taratibu, kidole gumba chake kinene kikiwa ndani ya kopo. Ukimbana bei, huvua kofia, hufumba jicho moja, lile lingine likilinda gunia, kisha hunguruma: "Bwana, lainisha moyo ya huyu mama!" Majirani wakiitikia amina, mteja huona haya kubishana na Mungu.

Siku moja alikuja mteja, Adelaïde, aliyekuwa akimwoza binti yake, wageni wengi, mfuko mwembamba. Kofia ilipovuliwa tu, akawahi.

"Papa, leo niombe miye."

"Omba, Mama. Soko nayo iko kanisa."

Akapiga magoti kwenye matope. "Bwana, umubariki mutumishi wako. Atanijazia kopo mupaka imwangike, kidole iko inje, na matabishi ya bure ataongeza na furaha."

"Amina!" muuzaji akanguruma kwa mazoea, soko zima likampokea. Ndipo alipofumbua jicho. Watu walikuwa wakimtazama kidole.

Akachota, kopo likamwagika, akaongeza mateko mawili ya bure.

"Mama," akanong'ona, "kesho naenda Pinga kununua mafuta ya mawese. Twende wote. Weye njo utaniombea bei."