Nguo za Marehemu

Mfagiaji wa maabara ya mifugo alishamzoea mtaalamu wa jeni. Yule mama huchonga penseli kwa wembe, akapuliza unga wake, kisha huchora ukoo wa jeni za vimelea vya damu ya ng'ombe kwenye karatasi inayofunika meza nzima, akinong'ona, "Huyu dada mkubwa, huyu binamu, huyu mjukuu." Jeni zilizoharibika huzipiga mstari na kusema, "Mungu awarehemu," bila hata kutabasamu. Asubuhi moja aliletewa damu ya mtamba wa mfagiaji mwenyewe, ng'ombe aliyepata nafuu bila dawa, kisha akaugua tena. Alitazama kompyuta, akatazama karatasi, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mwenzangu, njoo uone! Kimelea kimebadili vazi lake la protini, kikaipiga chenga kinga ya mtamba wako. Na vazi lenyewe limeshonwa kwa vipande vya hawa niliowazika!"

"Na mtamba wangu je?"

"Achomwe sindano leo leo, atapona."

Mfagiaji akashusha pumzi. Mtaalamu alikwisha kuchukua kifutio, anafuta mistari yake mmoja mmoja, taratibu. "Samahani, bibi. Samahani, shangazi. Nawe, samahani."