Wanja na Maji Safi Kupita Kiasi

Wanja wa Kimbo hajui kutulia. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja kwenye maabara ya maji hapa Ruiru, sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Ananichosha, lakini nampenda.

Wiki ile alizidi. Tulikuwa tumeunda kielelezo cha kioo cha mfereji ambao wakulima wa Ngoliba wanataka kuchimba, na Alhamisi wangekuja kuamua kama uchimbwe hivyo. Shamba la mama yake liko mkiani kabisa mwa mfereji huo. Kila msimu mahindi yake hukauka yakiwa kimo cha goti.

Alhamisi, kabla sijafika, Wanja akamwaga maji yetu, akasugua kioo, akajaza maji yaliyochujwa. Kwao mgeni haonyeshwi maji machafu. Wakulima wakaingia, mama yake akiwa mbele. Nikawasha leza, miale miwili ikakutana ndani ya maji, na skrini ikabaki tupu.

"Wanja, umefanya nini?"

"Si nimesafisha tu!"

Nilitaka kulia kwa hasira. Mashine ile haioni maji, inaona chembe zinazobebwa na maji. Chembe ikipita pale miale inapokutana humetameta, na kadiri inavyometameta haraka ndivyo maji yanavyokwenda kasi. Maji yake hayakuwa na hata vumbi.

Wanja akazunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga, kisha akanyakua maziwa ya chai ya wageni na kutia matone machache. Namba zikaanza kuruka.

"Kumbe hata mashine haitaki strungi, inataka chai ya maziwa!" akasema Mzee Njau, mkulima wa upande wa juu, na wote wakacheka.

Nikasogeza leza taratibu kutoka mdomoni mwa mfereji, Wanja akisoma kasi kwa sauti. Juu, nzuri. Katikati, si haba. Mkiani skrini ikaonyesha sifuri. Matundu ya kugawia mashamba ya juu yalikuwa yamemaliza maji.

"Hapo ndio kwetu?" mama yake akauliza.

Wanja angeweza kusingizia mashine, na baada ya yale maziwa nani angebisha? Moyoni nilimwomba asingizie.

"Ii, maitu," akamjibu mama yake kwa Kikuyu. "Ndio kwetu. Maji haifiki."

Mzee Njau akakohoa. "Lakini kwetu huku juu imefika, si ndio?"

"Imefika," Wanja akajibu.

"Basi, wenye wanataka ichimbwe hivyo wainue mkono."

Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa mama ulibaki pajani.