Mpini Usioteleza

Jirani yangu hapa Kibiti hubuni mipini ya plastiki ya visu vya upasuaji, ile inayotumika mara moja na kutupwa. Kila mfano huuchonga kwanza kwa sabuni ya mche, akiupapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho. Kisha huwapelekea wauguzi wa zahanati za Ruaruke na Mahege waushike, naye hutazama vidole vyao, si nyuso zao. Sauti yake ni ya chini, humsikii mpaka usogee.

Juzi bosi wake alikuja kutoka Dar na mpini mwembamba, akitaka jirani auidhinishe kwa kutia sahihi kwenye karatasi. "Dada, huu unakula plastiki kidogo. Unatosha." Jirani akamsogezea bakuli la mlenda. "Chovya mkono, kaka, halafu ushike." Bosi akachovya. Mpini ukamponyoka mara tatu. "Damu inateleza kuliko mlenda," jirani akasema, nami safari hii nikamsikia kutoka uani kwangu. "Sahihi yangu huipati." "Basi nitatafuta mwingine." "Mtafute. Ila siku mkeo akipasuliwa, daktari apewe huu wako." Bosi alijifuta mkono taratibu, akaikunja karatasi yake isiyo na sahihi. Kisha akauliza, "Wa kwako unakula plastiki kiasi gani?"