Kopo la Iliki Nyuma ya Bafu

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kumsalimia mama, nikakuta mdogo wangu ametandaza pevingi, yale matofali ya saruji ya kupanga chini, ua mzima. Kazi safi, sikatai. Lakini nilipovua kandambili saa saba mchana ninawe miguu bombani, niliruka kama mtoto aliyekanyaga kaa la moto. Mdogo wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Dada, umezoea mazulia ya Dar." Mimi nilikuwa namkumbuka bibi.

Ngoja nikusimulie. Nikiwa darasa la tatu, bibi aliteremka kutoka Matombo, huko milimani, kuja kutibiwa mguu. Alikuja na mkungu wa ndizi na kopo la rangi lenye mche wa iliki. Nyumba yetu ilikuwa karibu na soko: bati juu, saruji chini, bati la jirani ubavuni. Siku ya tatu tu bibi akamwambia mama, "Mwanangu, mnaishi ndani ya sufuria. Joto hili siliwezi, nirudisheni." Mama akamkumbusha kuwa mguu haujapona. Bibi akaonyesha kopo lake pale barazani. "Basi tumtazame huyu. Akifa, narudi zangu kwetu na mguu wangu hivi hivi."

Tangu bibi aje nilikuwa nalala mgongoni kwake, nanukia mafuta yake ya nazi, na asubuhi nakunywa chai ya iliki kwa muhogo wa kuchemsha. Sikutaka aondoke hata kidogo. Na ule mche ulikuwa unanyauka waziwazi.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa peku, na mji wote niliujua kwa nyayo. Nikitoka kwa shangazi Kilakala, pale mlima unapoanzia, udongo chini ya miti ulikuwa wa ubaridi hata jua la utosi. Kila nilivyoshuka kuelekea sokoni chini pakazidi kuunguza: kwanza lami, halafu sakafu za maduka, mwisho baraza letu, ambalo nililivuka kwa kurukaruka. Nikajiuliza kama uani kwetu hakuna Kilakala ndogo.

Nikaanza kuzunguka na kopo. Jikoni, jiko la mkaa likaukausha mche. Kando ya bati la jirani, jua lilipiga mara mbili. Nyuma ya bafu, mahali nilipokuwa napaonea kinyaa, maji ya kuogea yaliuweka udongo unyevu, mfenesi wa jirani uliegemeza kivuli chake kwetu, na katikati ya nyumba mbili palikuwa na mwanya ambamo upepo wa mlimani ulipita. Nikasimama pale, nyayo zangu zikatulia. Nikaliacha kopo.

Baada ya siku chache nikamkuta bibi palepale, kajiegemeza kwenye fimbo, viatu kavua.

"Nani kakuonyesha hapa?"

"Miguu, bibi."

Alicheka hadi khanga ikamlegea kiunoni. Akaagiza jembe, tukaupanda mche ardhini siku ileile. Mguu ulipona kabla ya masika na bibi hakuondoka. Akahamishia mkeka wake huko, akawa anachambulia huko mchele wa Dakawa, na wanawake wa mtaa wakaja kusukana hapo mchana. Nyumbani mtu akikwambia nenda Matombo ukamwite bibi, ulijua ni nyuma ya bafu. Nilikuwa mtoto mwenye raha, bwana.

Jirani aliuza kiwanja miaka mingi baadaye. Mfenesi ukakatwa, ghorofa likaziba mwanya. Bibi alishatangulia, na iliki nayo ikafuata. Siwalaumu waliojenga, watu wanataka pa kulala.

Ila nilipomaliza kuruka bombani niligundua kitu: tangu nifike sikuwa nimemwona mama akikaa nje. Ameshinda ndani na feni, yeye ambaye ua ndio ulikuwa sebule yake. Nikamwambia mdogo wangu afumue pevingi nyuma ya bafu, nitatafuta mche wa mfenesi.

"Dada, fundi kamaliza juzi tu. Na mfenesi utakua lini?"

Tulikuwa bado tunabishana pale mama alipotoka ndani, mkeka kwapani, akaenda kusimama nyuma ya bafu kusubiri tung'oe.