Nilivyoufuta Ushuhuda wa Mama Mbele ya Kanisa

Makosa ni yangu, tena yangu peke yangu. Nasema hivi mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu. Watu wamenitafutia sababu sana. Eti nilikuwa kijana, eti ni kompyuta iliyonipotosha. Hapana! Kompyuta haikwenda kanisani siku ile. Nilikwenda mimi, kwa miguu yangu, na shati nimepiga pasi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimeajiriwa mjini Kakamega katika ofisi ndogo ya kupiga chapa. Watu walituletea barua za maombi ya kazi na programu za mazishi, tukawapigia. Halafu tajiri wangu akaunganisha kompyuta moja na laini ya simu. Ikawa tunaweza kuingia kwenye mtandao. Mji mzima ulikuwa na mashine za namna hiyo za kuhesabika, na moja ilikuwa chini ya mikono yangu!

Saa ya chakula cha mchana tajiri alienda kwake kula obusuma, ugali wa kwetu. Mimi nilibaki na mashine, nikaingia mtandaoni.

Humo nilipata kundi la watu wanaobishana. Sikuwajua na hawakunijua. Walibishana kuhusu Mungu, sayansi, kama mashine zitafikia kufikiri, kama sala imewahi kumponya mtu yeyote. Mmoja alikuwa mhandisi mstaafu wa nchi ya baridi. Mwingine alikuwa mama mwalimu ambaye kila ukisema neno alikuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Nikampa jina kichwani mwangu, Bibi Ushahidi. Walikuwa wakali, jamani! Ukiandika upuuzi asubuhi, mchana umeshachanwa.

Nami nilipenda. Wacha niseme ukweli, nilipenda kuliko kitu chochote. Nyumbani Matungu nilikuwa mtoto wa mkulima wa miwa. Kwenye kundi lile nilikuwa mtu wa hoja. Siku Mhandisi aliponiandikia kwamba nina akili safi, nilitembea kutwa nzima nikitabasamu peke yangu barabarani.

Sasa nikueleze kuhusu mama, maana yote haya yanamhusu yeye.

Mama alikuwa mpiga ngoma wa kanisa letu. Ni kanisa la Roho, lile la kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, la kuimba barabarani Jumapili. Wakati ule waumini wake hawakunywa dawa wala kudungwa sindano. Mgonjwa aliombewa tu, na ngoma ya mama ikipigwa.

Kabla yangu mama alizaa watoto wawili, wote wakafa kwa homa, wakiombewa. Mimi ni wa tatu. Nikiwa bado natambaa, homa ilinishika na mimi, nikapata degedege. Mama na wenzake walinipigia ngoma mpaka mikono ikavimba. Kulipokucha, homa ikaniachilia, nikanyonya. Huo ndio uliokuwa ushuhuda wa mama.

Kila mwaka, Jumapili ya shukrani ya mahindi mapya, aliutoa mbele ya kanisa. Na kwetu ushuhuda wa uponyaji hautolewi mtupu. Aliyeponywa akiwa hai lazima asimame, watu wamwone. Kwa hiyo mama akifika mwisho alinigeukia na kuniita Papa, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume.

"Papa, simama wakuone."

Nami nilisimama. Nilisimama nikiwa mdogo hata ikabidi nibebwe juu ya benchi. Nilisimama nikiwa nimeota ndevu. Mama alipiga ngoma, watu wakalia, na yeye uso wake ukang'aa. Ilikuwa siku yake moja kwa mwaka.

Siku moja nilikwenda nyumbani kumsaidia baba kupalilia miwa. Baba si mtu wa maneno, na kanisani alikwenda kwa kubahatisha. Nilimsimulia kuhusu kundi langu na jinsi nilivyowabana watu kuhusu uponyaji. Baba akacheka, akaegemea jembe.

"Wewe unafikiri nani alikuponya?"

"Si mama anasemanga ni maombi."

"Alfajiri ile hao wamama walilala, walikuwa wamechoka. Nikakufunga kwa shuka, nikakuweka kwa baiskeli mpaka Ekero. Kulikuwa na daktari pale alikuwa anadunganga watu kwa nyumba yake. Akakudunga. Nikampatia ingokho moja, jogoo. Mama yako akiamka, mimi niko nje na wewe, nikamwambia nilikutoa upate hewa."

Baba akaacha kucheka.

"Lakini hiyo usimwambie. Umesikia? Hiyo kitu ndio inamshikiliaga."

Nikasema nimesikia.

Jumatatu mchana kabla sijala chochote nilikuwa nimeshawaandikia wageni wale habari yote! Jogoo, baiskeli, ngoma, kila kitu. Siri aliyoibeba baba tangu nikiwa nanyonya niliwamwagia watu ambao sikujua hata sura zao. Walishangilia. Kila nilipofungua nilikuta majibu mapya. Mhandisi akasema ni mfano bora aliowahi kuusoma wa jinsi miujiza inavyotengenezwa. Bibi Ushahidi akaniuliza swali moja tu: "Na mama yako umemwambia?"

Nikajibu kwamba bado.

Wakaanza. Mbona unamficha mtu mzima ukweli? Unamdharau? Unaogopa? Mwingine akaandika kwamba msema kweli wa kwenye kompyuta tu si msema kweli. Hilo lilinichoma. Nikawaandikia kwamba shukrani ya mahindi iko karibu, na kwamba safari hii watu watasikia. Wakaniomba nirudi niwaeleze itakavyokuwa.

Unaona? Nilikuwa na watazamaji. Mama alikuwa na kanisa lake, mimi nilikuwa na langu.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mahindi mapya yalikuwa yamepangwa mbele. Mama alivaa kanzu aliyoifua jana yake, kitambaa kichwani, ngoma begani. Akatoa ushuhuda wake, maneno yaleyale. Akanigeukia.

"Papa, simama wakuone."

Nikasimama. Kisha nikafungua mdomo, kitu ambacho aliyeponywa hakifanyi.

Nilisema kwamba nampenda mama yangu lakini siwezi kusimamia jambo ambalo halikutokea. Nilisema kuhusu sindano. Nilitaja Ekero na baiskeli. Nilisema hata hizi hofu za mwaka elfu mbili mnazohubiri, eti mashine zitazimika na dunia iishe, ni suala la tarakimu tu ndani ya kompyuta, mimi nafanya kazi nazo nazijua. Nilisema Mungu kama yuko hahitaji uongo. Hilo la mwisho nililikopa kwa Mhandisi, neno kwa neno. Lilisikika vizuri, hata mimi nililisikia.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitarajia kelele, nilikuwa na majibu ya kelele! Mchungaji alitazama chini. Baba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alinyanyuka akatoka.

Mama hakulia. Alikaa kwenye benchi, ngoma mapajani. Nikaona midomo yake inacheza, kama mtu anayepiga hesabu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniuliza kama nimekula:

"Kwa hivyo hao wengine wawili, nao sindano ingewaponya?"

Jamani!

Miezi yote ile ya kubishana, hakuna hata mmoja wetu aliyefika pale. Mhandisi hakufika, Bibi Ushahidi hakufika, na mimi mwenye akili safi sikufika. Mama alifika akiwa amekaa tu, kabla hata sijaketi. Kama ni sindano iliyoniponya mimi, basi wale wawili hawakuchukuliwa na Mungu. Walikufa mikononi mwake, yeye akipiga ngoma, na Ekero iko palepale. Ndiyo maana baba alinyamaza miaka yote. Na mimi nilifikiri baba alinyamaza kwa kuogopa ugomvi.

Nilisema nini? Nilisema, "Mama, sijui." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sijui mwaka ule mzima.

Tangu siku hiyo mwili wangu ulikufa ganzi, na sisemi kwa mapambo. Nilikula bila kusikia ladha. Watu walinisalimia nikaitikia, nisijue nimeitikia nini.

Nilirudi kazini. Mchana nikafungua mtandao, nikawaeleza, kwa sababu waliomba niwaeleze. Niliwaandikia swali la mama kama alivyolisema, nikawauliza nimjibu nini. Mhandisi akanipongeza, akasema nimemkomboa mtu. Mwingine akasema mama ameonyesha mantiki nzuri na hilo ni jambo la kufurahia. Bibi Ushahidi akataka kujua ilikuwa sindano ya dawa gani, maana bila hilo hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba ndiyo iliyoniponya, homa nyingine huisha zenyewe. Basi wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya homa. Waliendelea siku kadhaa. Hakuna aliyerudi kwenye swali langu. Sikuwakasirikia. Walikuwa vilevile kama nilivyowapenda.

Sikuandika tena humo.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Nilikwenda nyumbani nikakuta ngoma imetundikwa ukutani, uso wa ngozi umegeuzwa ndani. Kanisani aliacha kwenda. Wenzake walikuja kumwita, akawapa chai, wakaenda bila yeye. Makaburi ya wale watoto wawili yako pembeni ya shamba, na miaka mingi yalikuwa yameota nyasi kama makaburi mengine. Sasa yalikuwa yamepaliliwa safi, udongo umelainishwa. Ndipo alipokuwa akishinda.

Na baba? Baba alilala kwenye chumba cha mbele. Mama hakumfukuza, ila alikuwa amemuuliza kitu, na jibu la baba halikumtosha. Baba mwenyewe aliniambia.

"Aliniuliza, kama ulijua njia ya Ekero, kwa nini hukuwapeleka wale? Nikamwambia wakati huo sikuwa nimejua." Kisha akanitazama. "Mimi nilikuombanga kitu moja tu, kijana."

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwambia mama pengine nilikosea, pengine ni maombi na sindano pamoja, Mungu hutumia njia nyingi. Maneno yalitoka tu, nilikuwa mtu wa maneno. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua mboga.

"Papa, usijisumbue. Wewe ulisema kitu ulikuwa unajua. Sasa unasema kitu hujui."

Mwaka uliofuata, baada ya mahindi, akaugua. Kifua. Wenzake wa kanisa walikuja na ngoma zao, akawaambia warudi nazo. Nikaleta gari la kumpeleka hospitali mjini, nikamsihi, nikapiga magoti. Mimi, magoti! Akakataa. Nikamwambia, mama, dawa ipo, utapona.

"Nikipona na dawa," akasema, "nitawaambia nini hao wawili?"

Maombi nilimnyang'anya. Dawa hakuweza kuipokea. Akabaki katikati, na aliyemweka hapo ni mimi. Alifariki kabla mwaka haujaisha. Sikulia. Nilisimamia shughuli zote, nikapiga chapa programu ya mazishi kwa mikono yangu, nikairekebisha herufi mpaka ikakaa sawa.

Mwaka elfu mbili ulipoingia, kompyuta zilikuwa hazina neno. Hata hapo nilikuwa nimesema kweli.

Lakini nirudi nyuma, siku ya kumzika mama. Kanisa lilikuja lote, kanzu nyeupe kwenye miwa. Mchungaji ni mtu mwema. Hakutaja yaliyopita. Alisema tu kwamba mama huyu alipigia wengi ngoma, na kila aliyewahi kuombewa naye akapona asimame, tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wakaanza kusimama. Mzee mmoja na fimbo yake. Msichana mwenye mtoto mgongoni. Watu ambao hata sikuwajua, huku na kule, wakasimama kimya wakitazama jeneza. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Miaka yote ilikuwa imezoea.

Baba alikuwa ameketi kando yangu. Hakunigeukia. Alinishika pindo la koti, akalivuta chini.

"Keti," akasema.

Nikaketi.

Sasa wewe unayesoma hili, unaweza kuwa na mtandao wako na wageni wako wa kubishana nao. Bishana nao! Wakate, wakukate, jioni mtu anakwenda kwake. Lakini ukisikia wanakuambia uende ukamwambie mama, waulize kwanza nani kati yao atakuja kukaa naye baada ya hapo. Waulize uwasikie. Na kama baba yako alikuomba kitu kimoja tu maishani, kitimize hicho.

Ngoma bado iko ukutani kwa baba, imegeuzwa vilevile. Mwaka juzi nilinyoosha mkono niipanguse vumbi, akaniambia niiache.