Mtundu wa Mwisho Chemchemini

Pale Litapunga, ukiuliza nani alikuwa na mkono mwepesi wa kubandua gome, watakutajia marehemu Yotham. Masika, gome likiwa limelowa utomvu, aliuzungushia mti wa mtundu shoka juu na chini, akalivua gome zima kama shati, na kabla ya adhuhuri mzinga wa nyuki umeshashonwa. Mkewe, Dorotea, ndiye aliyemshikia gome lisipasuke, tena akiona fahari. Mti uliobaki uchi nani aliujali? Msitu ulikuwa mkubwa.

Balaa lilianzia hapo. Yotham aliipenda mitundu ya chemchemini kwa sababu ilinyooka na ilikuwa karibu na nyumbani. Mti ukishavuliwa gome, hauna maisha. Leo Yotham yuko kaburini, na mitundu kumi na tisa imesimama mikavu kuizunguka chemchemi. Kivuli hakuna. Maji yaliyomfika Dorotea magotini alipoolewa, sasa anayachota kwa kikombe, na nyuki wengi wamehama. Umebaki mtundu mmoja hai, na ndio pekee unaoangusha mbegu.

Machi mwaka huu Nashon, mdogo wa Yotham, alikuja na shoka begani. Alitaka gome la mti huo.

"Huo hubandui, shemeji," Dorotea alimwambia.

"Unanizuia kazi ya kaka yangu?"

"Tuliifanya wote wawili. Ona ilipotufikisha."

"Sasa mizinga tutengeneze na nini? Na mdomo wako?"

"Na ile iliyokufa."

Nashon alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyuki gani wataingia kwenye maiti? Haya, nakupa mpaka mtundu huu utoe maua na maua yaishe. Mizinga yako ikikaa mitupu, masika yajayo nabandua, na usinipigie kelele."

"Sawa," alisema Dorotea. Kwake neno lilikuwa limeshatoka.

Mtundu mkavu si mti wa mchezo. Shoka linagonga na kurudi. Dorotea aliangusha wa kwanza kwa siku nne, akakata magogo, akayapasua katikati, akayachimba kwa tezo kila alipotoka shambani. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Mizinga miwili ya mwanzo ilimharibikia, akaipikia ugali kwa hasira. Wanawake waliokuja kuteka maji walimtania kwamba anachonga mtumbwi wa kwenda kuvua ziwani Karema. "Nikifika nitawaletea migebuka," akawajibu, huku akiizungushia miiba miche midogo iliyoota mahali mti ulipoanguka.

Kufikia Agosti alikuwa ameangusha mitundu miwili na kupata mizinga sita. Aliipaka nta ndani, akaitundika kwenye miti iliyobaki.

Septemba mtundu ulitoa maua. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, isipokuwa siafu. Kila asubuhi Dorotea aliweka sikio kwenye mizinga, na tusidanganyane, aliogopa. Maua yalianza kupukutika. Nashon naye alikuja, akaupapasa ule mtundu hai kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Basi, shemeji," alisema, kwa upole safari hii. "Ulijitahidi."

"Maua hayajaisha."

Nashon alikuwa bado amesimama hapo mvumo wa nyuki ulipotokea upande wa mabonde. Kundi lilipita juu ya vichwa vyao, likazunguka mtundu mara mbili, kisha likaanza kuingia kwenye mzinga wa tatu, nyuki kwa nyuki, mpaka tundu likawa jeusi. Dorotea alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Nashon aliunyooshea mzinga kidole. "Huo ulitoka kwenye mti upi?"

"Ule wa kwanza kabisa aliobandua kaka yako. Gome nilishika mimi."

Nashon aliitazama mitundu mikavu iliyosalia, mmoja baada ya mwingine. Aliegemeza shoka lake kwenye mzizi, akanyoosha mkono kuomba tezo.

Dorotea alimpa. "Bado kumi na saba," akasema.