Jeti Isiyotumia Mafuta

Mchezo ulikuwa wangu, na hilo sikuwahi kuona haya kulisema. Niliuchora mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya meza ya biliadi katika bwalo la wafanyakazi wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba, Shinyanga. Panya walikuwa wamekwisha kula kitambaa cha meza, fimbo zake zilikuwa mipini ya mafagio, na mipira hakuna aliyejua ilikokwenda. Lililobaki ni lile jiwe la chini, jeusi na laini kama ubao wa shule, na juu yake nilipiga miraba kwa rula.

Ndege zilikuwa vizibo vya soda. Miaka ile ya baada ya vita na Uganda, vizibo tulikuwa navyo kuliko soda. Kila kizibo nilikikwaruza mshale kuonyesha pua ya ndege inaelekea wapi. Mafuta yalikuwa mbegu za pamba: kila zamu ndege ilisogea miraba yake, na mchezaji akalipa mbegu kwenye kopo. Ukimaliza zamu ukiwa nyuma ya adui, karibu na mkia wake, umemtungua. Ukiishiwa mbegu ungali hewani, umejitungua mwenyewe. Dadu sikuweka. Nilikuwa fundi wa mizani pale kiwandani, na mtu anayeshinda akirekebisha mizani hawezi kufika jioni akaiachia bahati iamue.

Niliyoyajua kuhusu ndege niliyapata kwenye majarida ya Kiingereza ambayo mwenye duka mmoja karibu na soko alikuwa akichana na kufungia karanga. Niliyanunua yote kabla hajayamaliza, nikayasoma kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka. Kwanza nilitengeneza mchezo wa ndege za pangaboi tu, zile za vita vikuu vya pili. Ulichezwa kila Jumamosi alasiri, na watu walijaza mabenchi kutazama. Nilidhani wanatazama mchezo.

Aliyedai jeti alikuwa katibu wa bwalo. Alikuwa mtu wa aina unayomkuta popote penye kiti kimoja kizuri kuliko vingine: amekikalia. Wakati wa vita aliendesha lori la chakula, na tangu arudi hakukuwa na jambo duniani ambalo hakulijua kwa kuwa aliwahi kupita karibu nalo.

"Fundi," aliniambia mbele ya watu, "hizi pangaboi zako zimepitwa na wakati. Tunataka jeti."

"Jeti zipo tayari," nikasema. "Nimezifanyia kazi tangu mavuno yaliyopita."

Ilikuwa kweli. Nikamsomea kanuni. Jeti inakwenda miraba saba pale pangaboi inapokwenda minne. Lakini pangaboi inakata kona baada ya miraba miwili, na jeti mpaka ipite mitano. Pangaboi inakula mbegu moja kila zamu, jeti inakula tatu. Na jeti ikishapunguza mwendo, haiwezi kuurudisha ila mraba mmoja mmoja.

"Kwa nini?" akauliza.

"Jeti za mwanzo zilikuwa hivyo. Rubani akiifungulia mafuta kwa pupa, moto wa injini unazimika."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Mimi nimeziona," akasema. "Zilinipita juu ya kichwa, nimelala chini ya lori. Sikuona hata moja ikila mbegu."

Watu wakacheka. Nikamweleza kwamba alizoziona yeye ni za juzi, na mimi naleta zile za kwanza kabisa. Hizo zake ni wajukuu, hizi ni mababu.

"Sasa nani anamtaka babu, fundi?"

Wakacheka tena, na yeye akatoa kanuni zake hapohapo, bila kuinuka kitini. Jeti inakwenda popote mchezaji anapotaka. Inakata kona inapotaka. Mafuta haina haja nayo. Nikamuuliza ndege kama hiyo itatunguliwaje. Akasema haitunguliwi, ni jeti. Nikamuuliza zikikutana jeti mbili itakuwaje. Akasema hayo ni maswali ya mtu asiyependa maendeleo.

Kisha akasema, "Basi tushindane. Jumamosi ijayo, wewe na jeti zako, mimi na yangu. Atakayeshinda, meza ni yake."

Nilikubali. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga, na ujinga wangu ulikuwa wa kudhani kwamba atakuja mezani.

Kila mtu Usukumani anajua ngoma zinavyoshindana. Pande mbili zinapiga uwanja mmoja, saa moja, na mwamuzi hayupo. Upande unaowavuta watu wakauacha mwingine ndio umeshinda, na hakuna wa kubisha, kwa sababu uwanja wenyewe unaonyesha. Baba yangu alikuwa mchezaji wa ngoma. Nimeona kwa macho yangu umati mzima ukihama kama ng'ombe walionusa chumvi. Kwa ngoma ni haki, maana ngoma huchezwa ili itazamwe. Lakini ndege ya kivita hairushwi ili ipendeze. Haikunijia akilini kwamba watu wazima, waliotazama mchezo wangu kwa miaka, wangeupima kwa kipimo hicho.

Jumamosi ilipofika katibu hakuonekana, nikakaa mezani na mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuinua na kushusha ishara za treni pale stesheni, na hakuna aliyecheza mchezo ule kama yeye, mimi nikiwamo. Nilimpa jeti mbili. Mimi nikachukua pangaboi tatu, ili watu waone kwamba kanuni hazikumpendelea aliyezitunga. Mabenchi yalijaa. Mama wa chai aliweka birika lake kwenye kona ya meza, akauliza ipi ni ipi, nikamwonyesha.

Mtu wa reli alinitungua moja mapema, kwa kuja kasi kutoka mbali na kupita bila kugeuka, kama jeti ya mwanzo inavyopaswa kutumiwa. Ilikuwa kazi safi. Nilitazama mabenchi nione nani ameielewa, na wakati huohuo nje kikaanza kitu kupiga mluzi.

Katibu alikuwa amechukua debe la mafuta ya kula, akalikata na kulikunja likawa jeti: mdomo mpana mbele, mkia mwembamba nyuma, mabawa ya bati, tumbo limetobolewa matundu. Ndani alikuwa ameweka mkaa na matambara. Aliifunga kwa waya juu ya nguzo ya wavu wa mpira wa wavu, na vijana wawili wakawa wanaizungusha. Upepo ukipita kwenye matundu ilipiga ukelele, na nyuma ilitoa moshi na cheche.

Wa kwanza alitoka akisema anakwenda kukojoa. Wa pili alimfuata bila kisingizio. Baadaye wakawa wanatoka benchi kwa benchi.

"Nakuja sasa hivi, fundi," akasema mama wa chai. Lakini anayekuja sasa hivi haondoki na birika.

Tukabaki wawili. Mtu wa reli alikuwa anasogeza jeti zake sawasawa, ila kati ya zamu na zamu macho yake yalikuwa mlangoni. Moja nilikuwa nimekwisha kuitungua ilipojaribu kukata kona mbele ya pangaboi zangu. Nyingine ilibakiwa na mbegu chache, na mbele yake hakukuwa na njia ila kutua. Hapo ndipo mchezo wote ulipokuwa umefika. Kutua kwa jeti kulihitaji mstari mrefu ulionyooka, kwa mwendo mdogo, na nilitaka kuona atapita wapi.

"Fundi," akasema, "niende nikaone kidogo tu?"

"Zamu ni yako."

"Nisogezee wewe. Unajua nitakavyocheza."

Akaenda. Nilimsubiri. Ukelele wa debe ulipanda, watu wakapiga vigelegele, na yeye hakurudi.

Nikacheza pande zote mbili. Nilimchezea kwa haki. Naweza kusema nilimchezea vizuri kuliko alivyostahili. Nilimchagulia mstari bora, nikampunguzia mwendo pale anapopaswa kuupunguza. Pangaboi yangu moja ilikuwa inazunguka taratibu juu ya kiwanja cha kutua, kizee, kimezidiwa kwa kila kitu, ila kilikuwa na mbegu za kutosha. Jeti ilipoingia kwenye mstari, ilikuwa haiwezi kugeuka na haiwezi kukimbia. Nikaja nyuma yake, nikaitungua mraba mmoja kabla ya kugusa ardhi. Yale yote niliyoyasoma kwenye karatasi za karanga yalikuwa yametokea juu ya jiwe lile, na hakuna aliyekuwa ameyapanga. Niliinua kichwa. Palikuwa na mabenchi.

Mtu wa reli alirudi mikono ikiwa na masizi.

"Inatoa moshi, fundi."

"Nimesikia. Nani ameshinda huko?"

Akafikiri. "Hakuna aliyeuliza," akasema. Kisha akaitazama meza. "Ulinitungua nikiwa sipo?"

"Ulitunguliwa ukiwa unatua. Ungekuwapo ungetunguliwa palepale."

"Wanasema katibu amefukia dawa mlangoni, ya kuvuta watu."

"Dawa yake ni mkaa," nikasema.

Katibu mwenyewe akaingia, jasho linamtoka, watu wakijazana mlangoni nyuma yake. "Fundi, meza."

"Hujacheza hata zamu moja."

"Watu wako wapi, ngosha?" akauliza, akiniita mwanamume kwa Kisukuma, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mgeni.

Pale mlangoni walisimama watu waliocheza nami tangu nichore mraba wa kwanza. Yeyote kati yao angeweza kusema kwamba hapakuwa na mchezo uliochezwa isipokuwa mmoja. Mama wa chai alikuwa akitazama ndani ya birika. Nikazikusanya ndege zangu kwenye kopo, na meza nikawaachia.

Jeti ya katibu ilichezwa Jumamosi mbili. Kwa kuwa ilikwenda popote na kugeuka popote, aliyeanza ndiye aliyeshinda, hivyo mchezo wote ukawa ugomvi wa nani aanze. Baada ya hapo walirudi kwenye karata. Walimtuma mtu wa reli aniulize kama naweza kuwatengenezea kanuni, kidogo tu, labda jeti nayo iwe na mafuta.

"Waambie jeti yao haiishiwi mafuta," nikamjibu. "Waiache iruke."

Sijui kama aliwaambia. Yeye mwenyewe alizoea kuja kwangu Jumapili baada ya misa, nami nilichora miraba kwenye mlango wa zamani nikaulaza juu ya masanduku mawili. Alidai asingetua kutoka upande ule niliomchagulia. Nikapanga ndege upya kama zilivyokuwa alipotoka, naye akaja kutoka upande mwingine, nikamtungua. Hakuwahi kuniomba radhi na sikuwahi kuidai. Ni mchezaji hodari. Kitu kikitoa moshi atakwenda kukitazama, kama wenzake.

Katibu sikusema naye tena mpaka miaka ile watu walipoanza kukimbilia dhahabu upande wa Geita. Nilipita Katoro kwa shughuli za mizani, nikamkuta kando ya barabara akiwauzia wachimbaji mafuta ya taa kwenye chupa. Kilichokuwa mkononi mwake nilikitambua kabla ya uso wake. Mabawa yalikuwa yameng'olewa, matundu yamezibwa kwa risasi ya kuchomelea, na mkia umekatwa ncha ili uingie kwenye mdomo wa chupa.

"Shikamoo, fundi," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. "Unaikumbuka hii? Hii ilikushinda."

Nilimwomba chupa moja. Akaingiza ule mkia, akamimina kwenye mdomo wa ile jeti, na hata tone halikumwagika. Nilisimama nikaitazama mpaka chupa ikajaa, maana ndiyo mara ya kwanza niliyoiona ikitumia mafuta.